Baharia akirudi, mwacheni kwanza alale

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Nimezaliwa Tanga, Ngamiani, na kwa sasa ninaishi Norfolk, jimbo la Virginia, Marekani, ambako mume wangu ni rubani wa helikopta katika Jeshi la Wanamaji. Huu ni mwaka wa nane wa ndoa yetu. Nikikusanya siku zote tulizolala chini ya paa moja, hazifiki miaka mitano.

Kilichonishikisha kalamu ni talaka. Mtoto wa mjomba wangu hapo Tanga, baharia wa meli za mizigo, alirudi nyumbani mwezi wa pili baada ya mkataba wa miezi tisa. Alipokewa kwa vigelegele, nyumba ikajaa watu wiki nzima. Kabla mwezi wa nne haujaisha alikuwa ameshampa mkewe talaka. Mjomba aliponipigia kunipa habari, sauti ilimkauka, akasema: "Sielewi, mwanangu. Kwenye simu walikuwa wanapendana sana."

Neno hilo limenikaa kifuani. Mapenzi ya kwenye simu nayajua. Nayajua pia yanayotokea simu inapowekwa chini na mtu mwenyewe akaingia mlangoni na begi lake. Ndiyo maana naandika, na ninawaandikia hasa ndugu: mama wakwe, mawifi, mashangazi, majirani. Wanandoa wenyewe wana mengi ya kubeba siku ile.

Mume wangu sitamtaja jina, kwetu mke halitaji jina la mumewe ovyo. Mwiteni Baba Salma. Alizaliwa Maryland, wazazi wake walihama kutoka Tanga miaka ya 1980. Nilikutana naye harusini Chumbageni alipokuja likizo, akiongea Kiswahili cha mama yake, cha zamani kidogo, kilichojaa adabu. Wakati huo alikuwa amemaliza mafunzo ya urubani Florida.

Katika mafunzo yale kuna zoezi moja alilonisimulia tukiwa wachumba, na sijalisahau. Hapo Pensacola, wanaojifunza urubani huingizwa kwenye chumba cha chuma kilichotengenezwa mithili ya tumbo la helikopta, wakafungwa mikanda, kisha chumba kinatumbukizwa bwawani na kupinduliwa miguu juu kichwa chini. Mara nyingine wanakuwa wamezibwa macho. Maji yanaingia puani, kushoto kumekuwa kulia, na hakuna ruhusa ya kufungua mkanda mpaka chumba kitulie. Siri ya kutoka, aliniambia, ni mkono mmoja. Kabla ya maji kukufika, shika kitu usichokiachia, ukingo wa dirisha au fremu ya mlango. Hata dunia ikipinduka, mkono ule unakumbuka njia ilipo. Anayeachia, anapotea humo humo ndani.

Nitalirudia bwawa hilo baadaye.

Oktoba 14, 2023, manowari ya kubeba ndege, Dwight D. Eisenhower, iliondoka Norfolk, naye akiwemo katika kikosi cha helikopta. Kwa asiyewahi kuiona meli ya namna ile: ina urefu wa mita 333, na ndege na watu wake wote wakiwa ndani wanafika kama 5,000. Ndege za kivita hurushwa kwa mtambo unaozitoa sitahani kwa sekunde mbili tu, na zikirudi huteremsha ndoana kunasa waya nene uliotandikwa sitahani ili zisimame. Watu wa sitahani huvaa fulana za rangi ili kila mmoja ajulikane kazi yake: zambarau ni wa mafuta, njano wanaoelekeza ndege, nyekundu wa silaha.

Helikopta ya mume wangu kazi yake ya kila siku haivumi. Hupaa kabla ya ndege zote na kutua baada ya zote. Ndege zinaporuka na kutua, yeye anazunguka pembeni ya meli na wenzake, marubani wawili na wahudumu nyuma, akiwemo mwokoaji aliye tayari kurukia majini. Ndege ikianguka au mtu akipeperushwa kutoka sitahani, wao ndio wa kumfuata. Siku ambayo hakuna lililotokea, wamezunguka saa nyingi kwa ajili ya kitu ambacho hakikutokea, na hiyo ndiyo siku njema. Nilipoielewa kazi hiyo nilimheshimu zaidi. Niliogopa pia. Helikopta ya aina ileile, ya manowari Abraham Lincoln, ilianguka baharini karibu na San Diego Agosti 31, 2021, ikiwa inatua. Watano walikufa, mmoja akaokoka. Wake wa marubani wa helikopta hawaizungumzii siku ile, lakini hakuna asiyeijua.

Safari ilikuwa ya Mediterania. Mwanzoni mwa Novemba meli ikavuka Mfereji wa Suez, na baadaye ikawa Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden. Muda wao uliongezwa mara mbili. Najua wapo wasomaji wenye maoni makali kuhusu vita ile ya Bahari ya Shamu, na mimi ninayo yangu, tena tumeyajadili na Baba Salma mezani kwetu. Barua hii ni ya mambo ya nyumbani.

Nyumbani nilikuwa na Salma wa miaka mitatu na zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Jirani yangu Mfilipino, ambaye mumewe ni fundi katika meli nyingine, alikuwa analala na Salma nikiwa kazini, nami nalala na wanawe akiwa kazini. Bila mama yule nisingefika Julai. Mawasiliano na meli yalikuwa barua pepe, na simu mara chache. Kisha kuna siku mawasiliano yote ya meli yanakatwa, hakuna barua wala sauti, na hatuambiwi sababu. Barua pepe ya mwisho inasema "nitakuandikia baadaye", unaisoma mara ishirini.

Asubuhi ya Desemba 31, 2023, nikimalizia zamu, nilikuwa namlisha uji bibi mmoja mgonjwa. Runinga ya ukumbini ikatangaza kwamba boti ndogo za Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, zilikuwa zimeishambulia meli ya mizigo Maersk Hangzhou, kwamba helikopta kutoka Eisenhower na manowari nyingine, Gravely, zilikwenda kuisaidia, zikapigwa risasi, zikajibu, na boti tatu kati ya nne zimezama. Nilisimama na kijiko hewani. Bibi yule hakuwa na kumbukumbu tena, hajui hata jina langu, lakini alinyoosha mkono akakishusha kijiko taratibu, akala mwenyewe.

Kama Baba Salma alikuwemo kwenye helikopta zile, mpaka leo sijui. Sijamuuliza, naye hajaniambia.

Mwisho wa Mei, Wahouthi wakatangaza kwamba wameipiga Eisenhower yenyewe. Kufika Juni simu zilikuwa zinarusha picha kwamba imezama. Shangazi alinipigia saa tisa usiku ya hapa, saa nne asubuhi ya Tanga, analia kama msiba umeshatangazwa. Nahodha wa meli, Kapteni Christopher Hill, alikuwa na desturi ya kuweka hadharani picha za maisha melini, na siku zile aliweka zinazoonyesha sitaha na shughuli zikiendelea kama kawaida. Nilizikuza kwa vidole viwili, nikitafuta mkia wa helikopta ya kikosi chake. Niliupata mmoja. Nilimpigia shangazi nikamwambia meli ipo, nimeona mkia. Wakati huohuo nilikuwa nimesimama kwenye kona ya dirisha, naangalia kama kuna gari geni limeegeshwa mbele ya nyumba, maana taarifa ya kifo huku haiji kwa simu, huja na maofisa wawili waliovaa sare. Hakukuwa na gari.

Nayaeleza haya ili ndugu wajue kwamba siku mtu anaporudi, wanaokutana ni wawili waliotoka safari. Mmoja alikuwa baharini. Mwingine alikuwa jikoni, na yeye pia amechoka, na yeye pia ana mambo asiyoweza kuyasema bado.

Alirudi Julai 2024. Vikosi vya ndege na helikopta hutangulia kuruka kutoka melini kabla meli yenyewe haijafika gatini, kwa hiyo familia zetu hungojea kwenye banda la helikopta, sio bandarini. Joto la Norfolk mwezi wa Julai ni la Tanga la Februari, lenye unyevu wa kubandika nguo mgongoni. Nilivaa dera la kijani alilonunua mwenyewe. Tulisikia kabla ya kuona, ule mgurumo wa mapanga unaopita kifuani. Helikopta zikaja kwa mstari juu yetu, zikazunguka, zikatua, na hapo ikawa sehemu ngumu kuliko zote: kungoja mapanga yasimame. Huruhusiwi kusogea hata hatua moja mpaka yasimame kabisa. Miezi tisa nimengoja, na dakika zile chache ndizo zilizonishinda, nilitetemeka magoti.

Akatoka, kofia ya chuma mkononi, amekonda, ananuka mafuta ya ndege. Salma alijificha nyuma ya dera langu. Baba yake hakumvuta. Alipiga goti kwenye lami ile ya moto, mbali kidogo, akafungua zipu ya mfuko wa begani, akatoa kibanio cha nywele cha njano. Salma alimtilia kibanio kile mfukoni siku anaondoka. Aliuweka mkono wazi akatulia hivyo hivyo, kama mtu anayengoja ndege atue. Salma akaja, akakichukua kibanio, akarudi kwangu mbio.

Mtu mmoja alirekodi. Video ya sekunde 40 ikazunguka kwenye simu za ndugu zangu wote, Tanga, Muscat, mpaka London. Kila mtu akasema, hiyo ndiyo raha ya ndoa. Video inaishia hapo kwenye kibanio.

Tulipofika nyumbani, tulikuta magari matano. Wakwe zangu na jamaa wengine walikuwa wameendesha kutoka Maryland tangu alfajiri, watu 14, na sufuria tatu za pilau, sambusa, kachumbari, halua ya Zanzibar ambayo mtu aliitunza tangu Idi. Mama mkwe wangu ni mtu mwema. Nimemwomba ruhusa kabla ya kuandika haya, akaniambia, "Andika, mwanangu, labda atasikia mwingine." Walikuja kwa upendo mtupu. Mtu amenusurika, atakosaje kushangiliwa?

Lakini mwoneni mwenyewe. Usiku uliopita amepata usingizi wa saa tatu tu, masikio yake yana miezi tisa hayajasikia ukimya, na sasa sebule nzima inamuuliza kwa pamoja. Uliona makombora? Uliogopa? Ulifunga Ramadhani? Mbona umekonda, mkeo hakukutumia vifurushi? Kabla halua haijaisha, ami yake mmoja alikuwa ameshamvuta pembeni kumweleza paa la nyumba ya Tanga linavuja na mabati yamepanda bei. Mwingine akamdokeza ada ya mtoto. Wifi yangu, kwa nia njema kabisa, akamwambia kwamba mimi niliuza gari lake la zamani bila kuuliza mtu. Nililiuza kweli. Lilikuwa limekufa gia mwezi wa pili, nilikuwa na hati ya uwakilishi aliyonisainia mwenyewe, na nilitaka kumwambia siku nitakayochagua mimi, tukiwa wawili.

Nikamtafuta baadaye, hayupo. Nikamkuta ndani ya gari letu, limeegeshwa nje, injini imezimwa, feni ya hewa inavuma. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anatafuta ule mvumo.

Wageni waliondoka saa tano usiku. Saa sita nikaamka, kitanda ni kitupu upande wake. Alikuwa jikoni, anakula pilau baridi kwa mkono gizani. Melini saa hiyo kuna chakula cha walio zamu, tumbo lake lilikuwa bado lipo kule. Aliponiona akasimama, wima, kama mgeni aliyefumaniwa, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Samahani, vikombe viko wapi?"

Samahani! Katika nyumba yake. Nilikuwa nimehamisha vikombe kabati la chini mwezi wa kumi na moja ili Salma avifikie. Nilikuwa nimehamisha sukari, funguo, taulo, kitanda. Nimebadili benki. Salma analala kitandani kwetu tangu usiku ule wa Desemba 31. Yote niliyafanya kwa sababu lazima nyumba iende, na iliendeshwa vizuri, sijutii. Ila nilipoona mkono wake umefungua kabati la juu na kukuta dawa za kikohozi, nikakumbuka bwawa la Pensacola. Mkono wa mtu yule ulikuwa umeshika nyumba yetu kwa miezi tisa, ukakumbuka kila kilipo, ndio uliomtoa salama. Amerudi, nami nimempindulia nyumba.

Nikampa kikombe. Akaniambia maneno ambayo nimeyaandika kwenye daftari langu: "Mama Salma, kule kila kitu kina mahali pake. Hapa ni mimi tu ndiye sina mahali."

Haikuwa lawama. Ndio ukweli wa usiku ule, na ni ukweli wa maelfu ya waume wanaorudi kutoka melini na kutoka Ghuba, ila wengi hawausemi hivyo. Wengine hunyamaza, wengine hufoka kuhusu chumvi ya mchuzi. Mtoto wa mjomba wangu alifoka kuhusu chumvi ya mchuzi. Mkewe aliniambia.

Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nililichukua neno hilo kama lilivyo. Siku ya tatu nilimpa jembe: nilimwomba ampeleke Salma shule ya chekechea, peke yao, na arudi na mkate. Walichelewa, mkate ukawa si ule tunaokula, na Salma alilia njia nzima ya kwenda. Njia ya kurudi alimwonyesha baba yake nyumba yenye mbwa. Kuhusu kitanda hatukumfukuza mtoto. Baba Salma alichagua mwenyewe kulala kwenye kochi la sebuleni, akasema atangoja kukaribishwa. Alilala pale siku 16. Siku ya 17 Salma akatoka chumbani na mto wake, akamwambia baba yake ahamie chumbani kwa sababu kochi linamuumiza mgongo. Yeye akaenda kulala chumba chake. Kama siku ya nne ningelazimisha, au kama bibi yake angekuwepo kulazimisha, sijui tungekuwa wapi.

Jeshi hili, ambalo limenichosha kwa mengi, katika jambo hili lina akili. Siku za mwisho za safari, wakufunzi hupanda melini kuwafundisha mabaharia namna ya kurudi nyumbani: usiingie na amri, usimkemee mtoto wiki ya kwanza, usipange upya kile mkeo alichokipanga, uliza. Sisi wake nasi tulipewa somo letu huku kambini. Na tangu 1970, enzi za Admirali Elmo Zumwalt, kila kikosi kina mtu aliyeteuliwa, aghalabu mke wa mmoja wao, wa kuzipokea shida za familia na kuzifikisha kwa mkuu wa kikosi. Wa kwetu alinipigia siku ile ya uvumi wa Juni kabla sijampigia. Yote haya hayagharimu mabomu. Ni mtu, kiti na saa mbili za kuzungumza.

Mabaharia wetu wa Tanga, Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu wana nini? Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006 unataka baharia asikae melini miezi 12 mfululizo bila kurudishwa nyumbani, na ni jambo jema. Lakini mkataba unamfikisha uwanja wa ndege tu. Kutoka uwanja wa ndege mpaka kwenye kitanda chake hakuna anayemwongoza. Nawaomba mawakala wanaowapeleka vijana melini, vyama vya mabaharia, na masheikh na mapadri wetu wa pwani, wawaite wake na waume hawa kwa mazungumzo ya asubuhi moja kabla ya kuondoka na asubuhi moja kabla ya kurudi. Waume wapo mbali, najua. Wapigiwe simu hukohuko.

Na sisi ndugu tulikuwa na elimu hiyo, tukaitupa. Babu yangu mzaa mama, wa Pangani, alikuwa baharia wa jahazi. Walipakia boriti za mikoko Rufiji, wakaondoka na kusi kwenda Uarabuni, wakarudi na kaskazi na tende na mazulia. Aden aliijua. Maji yaleyale ambayo mume wangu aliyarukia miezi tisa, babu yangu aliyapita kwa tanga. Bibi hakuwa na simu wala barua pepe, alikuwa na upepo tu: kaskazi ikitulia vizuri, anaanza kukoboa mchele. Babu akifika, bibi alikuwa anamchemshia maji ya kuoga na mchaichai, anampa uji wa pilipili manga, anamtandikia, kisha anatoka nje na kuurudishia mlango. Watu wakija anawapokea barazani, anawapa kahawa. "Amefika salama, alhamdulillahi. Amelala. Njooni Ijumaa." Na watu, wakiwemo wakwe, wakirudi kwao bila kununa, wakaja Ijumaa. Mama yangu alinieleza kwamba siku hizo kabla ya Ijumaa hakuna aliyeruhusiwa kumweleza babu habari ya deni, ugomvi, wala mbuzi aliyepotea. Hata kifo cha nduguye mmoja, aliyekufa babu akiwa safarini, bibi ndiye aliyemwambia, usiku, wakiwa wawili.

Ndilo ninaloliomba, Mhariri. Simaanishi watu wasipendane wala wasitembeleane. Nasema pilau lingoje. Paa la mabati lingoje. Habari za gari lililouzwa na nani alionekana wapi zingoje, au ziachwe kabisa, maana mwenye kuzisema ni mke, kwa wakati wake. Kama unampenda baharia wako, mlaki uwanja wa ndege, mshike mkono, mwone kwamba ni mzima, umkabidhi kwa mkewe, uondoke.

Baba Salma ataondoka tena. Tarehe na meli sisemi, ndivyo tulivyofundishwa. Safari hii vikombe nimevirudisha kabati la juu, Salma ameshafikia, na tumekubaliana kwamba kitu kikihamishwa ndani ya nyumba nitamwandikia, hata kiwe kopo la chumvi. Alicheka, akasema nitajaza barua pepe yake habari za makopo. Nitajaza.

Mama mkwe ameshawatangazia jamaa wa Maryland kwa mdomo wake mwenyewe: akirudi, hakuna kuja siku hiyo wala kesho yake. Mje Ijumaa ya pili, baada ya swala. Sufuria mziache kwenu, siku hiyo napika mimi.

Mama Salma,
Norfolk, Virginia